Namna ya Kuwasiliana Kwenye Baiskeli ya Watu Wawili na Mwenza Aliye Kiziwi Asiyeona

Baiskeli ya watu wawili ni baiskeli ndefu yenye viti viwili vilivyofuatana, jozi mbili za pedali, na usukani mmoja tu unaogeuza gurudumu, ule wa mbele. Anayekaa mbele huangalia njia, hugeuza, hukamata breki na hubadilisha gia. Katika makala haya nitamwita nahodha. Anayekaa nyuma hukanyaga kwa nguvu zake zote, na nitamwita mwenza, kwa kuwa yeye si abiria wala si mzigo. Watu wasioona wameipenda baiskeli hii kwa muda mrefu. Helen Keller wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1880 na kupoteza kuona na kusikia akiwa na umri wa miezi 19, aliiendesha kwa furaha akiwa kiti cha nyuma. Huku kwetu, Mkenya Douglas Sidialo, aliyepoteza macho katika shambulio la bomu kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, alisafiri kwa baiskeli ya namna hii kutoka Cairo hadi Cape Town.

Mwenza asiyeona lakini anayesikia huongea na nahodha wake njia nzima: kuna tuta, tunakata kushoto, punguza mwendo. Mwenza asiyesikia lakini anayeona hutazama ishara za mkono wa nahodha. Mwenza aliye kiziwi asiyeona hana njia hizo mbili, au anazo kwa kiasi kidogo, na hapo ndipo ndugu na walimu wengi hukata shauri kwamba baiskeli haimfai. Uamuzi huo si wa haki, kwa sababu kati ya watu wawili wanaoendesha baiskeli moja kuna njia nyingi za kupelekeana habari zisizohitaji jicho wala sikio, ilimradi zipangwe mapema na zifanyiwe mazoezi.

Jambo ninaloomba msomaji alishike tangu mwanzo ni kwamba mikono ya nahodha ina kazi, ilhali mikono ya mwenza iko huru. Mwenza anaweza kumwambia nahodha karibu lolote, wakati wowote, kwa kugusa mgongo ulio mbele yake. Nahodha anaweza kumwambia mwenza machache tu, kwa mkono mmoja, kwa sekunde mbili au tatu, tena barabara ikiwa nyoofu na tulivu. Wawili wakipanga mawasiliano yao kana kwamba njia hizo mbili zinalingana, watakwama siku ya kwanza. Maneno mengi ya nahodha yanapaswa kusemwa kabla magurudumu hayajaanza kuzunguka, na yanayobaki yasemwe kwa ishara chache zisizochanganyika.

Mjue mwenza wako kwanza

Uziwi-kutoona si giza totoro na ukimya mtupu kwa kila mtu. Shirikisho la Dunia la Viziwi Wasioona, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba wapatao asilimia 0.2 ya watu wana hali hii kwa kiwango kikubwa, na takriban asilimia 2 wanayo kwa kiwango chepesi zaidi. Kati yao wapo wanaoona mwanga na kivuli tu, wapo wanaoona vizuri kitu kilicho mbele kabisa lakini hawaoni chochote pembeni, na wapo wanaosikia sauti nene za injini ingawa hawatambui maneno. Kwa hiyo usikisie. Muulize mwenza wako anaona nini mchana wa jua kali na anaona nini chini ya mwembe, anasikia nini akiwa chumbani na anasikia nini upepo unapovuma, kisha uyaamini majibu yake.

Lugha nayo hutofautiana. Aliyezaliwa kiziwi na kupoteza uwezo wa kuona baadaye kwa kawaida anatumia Lugha ya Alama, ambayo Kenya huitwa Lugha ya Ishara, na sasa huipokea kwa kuweka viganja vyake juu ya mikono ya anayezungumza. Aliyekua akisikia na kusema Kiswahili huenda akapendelea kuandikiwa kiganjani, herufi kubwa moja baada ya nyingine, kila herufi mahali palepale pa ile iliyotangulia. Ikiwa nahodha haijui lugha ya mwenza wake, mkalimani aitwe siku za kwanza, lakini wawili hawa wajue kwamba mkalimani hatakuwa nao barabarani na kwamba ishara za njiani ni lazima ziwe mali yao wenyewe.

Jambo la tatu husahaulika mara nyingi, nalo ni mizani ya mwili. Moja ya sababu kubwa za uziwi-kutoona ni ugonjwa wa kurithi uitwao Usher, ambao huharibu masikio na pia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kuanzia uoni wa usiku na wa pembeni. Katika aina ya kwanza ya ugonjwa huo, kiungo cha ndani ya sikio kinachoupa mwili mizani nacho hakifanyi kazi inavyopaswa. Mtu wa namna hiyo hutegemea macho na miguu yake kujua kama amesimama wima, na macho yanapofifia hubaki na miguu peke yake. Akikaa kwenye baiskeli iliyosimama huku miguu yake iko juu ya pedali, mwinamo mdogo tu unaweza kumpa hisia kwamba anaanguka. Nahodha anayelijua jambo hili hainamishi baiskeli kabla ya kutoa ishara, na humwacha mwenza ashike kiuno chake mpaka mwendo utulie.

Mazoezi baiskeli ikiwa imesimama

Egemeza baiskeli ukutani au iweke kwenye stendi imara, kisha mwache mwenza aipitie yote kwa mikono. Usimkamate kiganja ukakiburuta. Weka mkono wako chini ya wake, uupeleke kwenye fremu, kiti, mnyororo, na usukani wa nyuma usiogeuka, ili aweze kuuacha mkono wako wakati wowote anapotaka kuchunguza mwenyewe. Apime umbali kati ya usukani wake na kiti cha nahodha, kwa sababu umbali huo mfupi ndio utakaobeba mazungumzo yote. Kisha nahodha akae kitini pake, mwenza akae nyuma yake, na mwenza aupapase mgongo wa nahodha kuanzia mabegani hadi kiunoni.

Hakikisheni kwamba pedali za mbele na za nyuma zimeunganishwa kwa mnyororo kiasi kwamba moja ikizunguka nyingine huzunguka nayo. Zipo baiskeli za watu wawili zinazomruhusu kila mtu kukanyaga au kupumzika kivyake, na kwa watu wengine hilo ni starehe, lakini kwa jozi yenye mwenza kiziwi asiyeona sizipendekezi hata kidogo. Pedali zilizofungamana ni mazungumzo yasiyokatika: mwenza anajua kwa nyayo zake kama nahodha anajitahidi, anasita, amechoka au anajiandaa kusimama. Pedali za nyuma ziwe na mikanda ya kushika viatu au viatu vyenye kunasa, kwa maana mguu ukichomoka mwendoni hupoteza habari hizo zote na unaweza kuumia.

Sasa pangeni ishara. Katika kuzichagua, fuateni kanuni moja ambayo nimeiona ina uzito kuliko zote: itofautisheni ishara moja na nyingine kwa mahali inapoguswa na kwa namna ya mguso, msizitofautishe kwa idadi ya mapigo peke yake. Barabara hutetemesha. Kwenye lami mpya mtu anaweza kuhesabu mapigo matatu mepesi juu ya mkono wake, lakini kwenye changarawe mikono hufa ganzi, na pigo moja linaweza kudhaniwa kuwa kokoto iliyopigwa na tairi. Kubana kwa nguvu na kushikilia, kuburuta kiganja kuelekea upande fulani, au kukandamiza mahali fulani pa mkono, hayo hayafanani na kitu chochote kinachotoka barabarani.

Ishara zisizidi sita au saba mwanzoni. Mzirudie mkiwa mmesimama, mkibadilishana zamu ya kuuliza na kujibu, kisha nendeni kwenye uwanja wa mpira wakati hauna watu, na baada ya hapo kwenye barabara isiyo na magari mengi. Uwanja wa mpira unafaa kwa sababu nahodha anaweza kusimama popote akageuka nyuma kueleza kilichotokea, jambo lisilowezekana katikati ya daladala na bodaboda.

Habari zinazotoka mbele

Pedali ndizo sauti ya kwanza ya nahodha, na zina faida kwamba hazihitaji mkono. Nahodha anayetaka kubadilisha gia hulegeza miguu kwa muda mfupi sana. Mwenza anausikia ulegevu huo mguuni, naye hulegeza, gia inaingia bila kelele ya mnyororo, na wote huendelea. Nahodha anayetaka kuacha baiskeli iserereke husimamisha mzunguko pedali zikiwa sambamba na ardhi. Nahodha anayeukaribia mlima hukandamiza mara mbili kwa nguvu kuliko kawaida, maana yake ni kwamba kazi inakuja. Mambo haya matatu huzoeleka upesi hata bila kuelezwa sana, lakini ni vizuri yaelezwe, ili mwenza asidhani kwamba ulegevu wa miguu ya mbele ni uchovu.

Pale pedali zisipotosha, nahodha hupeleka mkono nyuma. Watu wengi hufikiria goti la mwenza kwanza, kwa kuwa liko karibu, lakini goti linapanda na kushuka wakati wa kukanyaga na mkono wa nahodha hulikosa au hulipiga vibaya. Mkono wa mwenza ulioshika usukani wa nyuma umetulia, tena uko karibu na nyonga ya nahodha. Kwa hiyo mkubaliane kwamba mwenza atashika usukani mahali pamoja palipojulikana, na akitaka kubadilisha mshiko au kuondoa mkono atafanya hivyo kwa muda mfupi. Goti liachwe kwa wakati wa kuserereka na wakati wa kusimama.

Kuhusu kona, mpangilio ulio rahisi ni nahodha kuubana mkono wa kushoto wa mwenza kwa mkono wake wa kushoto anapotaka kwenda kushoto, na wa kulia kwa wa kulia. Mwenza akishapata ishara hiyo hukaa wima, huutuliza mwili wake ufuate mwinamo wa baiskeli, na hajipindi kwenda upande wa pili, kwani mwenza anayejipinda kinyume anaweza kuitoa baiskeli nzima nje ya mstari wake. Mwenza akiwa amezoea, anaweza pia kupewa kazi ya kunyoosha mkono pembeni ili kuwaonyesha madereva mnakoelekea. Kazi hiyo inamfaa sana, kwa sababu nahodha hubaki na mikono miwili usukani wakati ambapo anaihitaji mno, na mwenza anakuwa ndiye anayezungumza na barabara kwa niaba ya wote wawili.

Ishara ni lazima itangulie breki. Nahodha akiona ng'ombe wanavuka mbali, atoe ishara ya kusimama wakati mikono yake ingali huru, ndipo akamate breki. Ikiwa jambo ni la ghafla na hakuna muda, akamate breki tu. Mwenza ataelewa kwa kuvutwa mbele, na maelezo yatakuja mkishasimama. Wala nahodha asiondoe mkono usukani kwenye mteremko mkali, kwenye mchanga, au pale gari linapopita karibu, hata kama ana habari nzuri ya kutoa. Uzito wa watu wawili kwenye breki za baiskeli moja hautaki mzaha.

Matuta yanahitaji ishara yake pekee, kwa sababu barabara zetu zimejaa matuta na kwa sababu mtu wa nyuma anayekanyaga bila kujua hupigwa na kiti uti wa mgongo wote. Nahodha asimamishe pedali zikiwa sambamba, kisha akandamize kidole gumba juu ya mkono wa mwenza na kukishikilia mpaka tuta lifike. Mwenza huinuka kidogo kutoka kitini, uzito ukiwa miguuni, na hukaa tena mkono wa nahodha unapoondoka. Kwenye barabara kuu nyingi kuna safu za vituta vidogo kabla ya tuta kubwa, na mwenza mzoefu huzitambua mwenyewe kwa mtetemo wa haraka unaopanda kupitia kiti na mikono, akainuka kabla ya kuambiwa.

Habari zinazotoka nyuma

Kila ishara ya nahodha ijibiwe. Mwenza agonge mgongo wa nahodha mara moja, kwa kiganja kilichofunguka, kusema kwamba nimepata. Asipojibu, nahodha achukulie kwamba ujumbe haukufika, na kama si jambo la lazima asubiri barabara iwe nzuri aurudie. Utaratibu huu mdogo huondoa wasiwasi mwingi, kwa kuwa nahodha hana namna nyingine ya kujua kinachoendelea nyuma yake.

Ishara muhimu kuliko zote za mwenza ni ya kusimama. Iwe nzito na isiyofanana na nyingine: viganja viwili kuukandamiza mgongo wa nahodha kwa pamoja na kubaki hapo. Nahodha akiipata, asimame mahali pa kwanza palipo salama bila kuuliza sababu, hata kama ni mara ya tano kwa asubuhi moja. Mwenza amekabidhi uhai wake kwa mtu asiyemwona wala kumsikia, na uwezo wa kuisimamisha safari ndio unaomfanya awe mshirika kamili. Nahodha anayeipuuza ishara hiyo mara moja tu, kwa kuwa amebakiza kilima kidogo, atakuwa amevunja imani isiyorudishwa kwa maneno.

Baada ya hapo mwenza ana uhuru mkubwa. Anaweza kugonga mgongo polepole kusema punguza mwendo, na kwa haraka kusema ongeza. Anaweza kuandika kwa kidole mgongoni, kati ya mabega, herufi kubwa moja juu ya nyingine: M, A, J, I, kisha kiganja kimoja cha kufuta ubao. Maneno mafupi kama maji, kiu, mvua na njaa husomeka bila shida baada ya mazoezi kidogo, hasa nahodha akivaa fulana nyembamba isiyo na mfuko wa mgongoni. Begi la mgongoni kwa nahodha ni kosa katika safari za namna hii, kwa sababu linaufunika ubao wa kuandikia. Mizigo ipakiwe kwenye keria.

Mwenza pia anaweza kuweka kiganja kimoja kwenye bega la nahodha bila kusema chochote, na akajua mengi. Kiganja hicho husikia pumzi zikipanda mlimani. Husikia msuli wa bega ukijipinda nahodha anapogeuza kichwa kutazama gari linalokuja nyuma, na husikia mtetemo wa sauti nahodha anapomsalimia mtu barabarani au anapocheka. Wenza wengi wangependa kubaki na kiganja hicho safari nzima, na sioni sababu ya kuwakataza kwenye njia tambarare, ilimradi mkono wa pili ubaki usukani.

Kuanza na kusimama

Mahali pa hatari zaidi si kasi bali ni mwanzo na mwisho wa mwendo. Nahodha apande kwanza, asimame akiwa ameipanulia baiskeli miguu miwili, breki zote zikiwa zimekamatwa, na agonge kiti cha nyuma mkono wa mwenza ukiwa juu yake ili ajue kwamba baiskeli imeshikwa. Mwenza apande, afunge miguu kwenye pedali, azizungushe kinyumenyume mpaka pedali ya kuanzia iwe juu kidogo kwa mbele, kisha agonge mgongo. Nahodha ajibu kwa kusukuma pedali kidogo na kuiachia. Msukumo wa pili ndio safari yenyewe, na wote hukanyaga kwa nguvu, kwani baiskeli hii ikianza kwa ulegevu huyumba.

Wakati wa kusimama, mwenza abaki kitini na miguu yake juu ya pedali, nahodha peke yake aweke mguu chini. Tanzania, Kenya na Uganda, ambako magari hupita kushoto, mguu wa nahodha ushuke kushoto, upande wa ukingo wa barabara. Rwanda, Burundi na Kongo, ambako hupita kulia, ushuke kulia. Upande huo usibadilike, ili mwenza ajue daima baiskeli itainamia wapi, na asishuke mpaka nahodha amguse goti la upande huo.

Kuutumia usikivu na uoni uliobaki

Ikiwa mwenza ana shimesikio, yaani kifaa cha kukuza sauti sikioni, ajue kwamba kinakuza pia upepo, na kwa kasi ya kawaida ya baiskeli upepo unaweza kuyazamisha maneno yote. Kinachosaidia zaidi ni kipaza sauti kidogo kinachofungwa kwenye ukosi wa nahodha na kurusha sauti moja kwa moja hadi kwenye shimesikio, kikiwa kimefunikwa kwa sponji. Mwenye kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio ili kumsaidia kusikia, huduma ambayo Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2017, achague helmeti isiyokandamiza wala kuhamisha kile kipande cha sumaku kinachokaa juu ya ngozi ya kichwa. Jasho la pwani ni adui wa vifaa hivi vyote, na mkifika vifutwe na vikaushwe. Hata hivyo, sauti iwe nyongeza. Betri huisha, na ishara za mguso zinapaswa kutosha bila hiyo.

Mwenza anayeona kidogo mbele yake anaweza kusoma ishara za mkono ambazo nahodha anazionyesha mgongoni mwake, ndani ya upana uleule mwenza anaouona, na si pembeni mbali. Fulana ya rangi moja nzito na glavu za rangi nyeupe au ya manjano husaidia kuliko maelezo mengi. Kumbukeni kwamba macho yenye ugonjwa wa retina huchelewa kuzoea mabadiliko ya mwanga, hivyo mkiingia kwenye kivuli cha miti mkitoka juani, ishara za macho ziachwe kwa muda na mkono ushike kazi. Katika nchi zetu giza huingia upesi baada ya jua kuzama. Pangeni kufika mapema, saa kumi na moja jioni ikiwezekana.

Kuisimulia njia

Kuna manahodha wanaotoa ishara zote za usalama kwa ukamilifu na bado mwenza akarudi nyumbani akiwa amekanyaga tu, asijue alipita wapi. Hilo linaniuma, kwa sababu kusafiri ni zaidi ya kutoanguka. Kabla ya kuondoka, nahodha auchore mgongo wa mwenza, au kiganja chake, ramani ya safari: hapa ni nyumbani, hapa tunapanda, hapa kuna daraja, hapa tutakunywa chai. Kila kituo kipewe ishara yake fupi, ili nahodha mkifika aitoe kwa mguso mmoja na mwenza ajue amefika wapi kwenye ramani iliyochorwa asubuhi.

Kisha tumieni vile ambavyo mwenza anavipata mwenyewe. Kwenye barabara tambarare ya mashariki mwa Unguja, kati ya Paje na Jambiani, mwani ulioanikwa una harufu yake, moshi wa vifuu una harufu yake, na upepo wa bahari hupiga shavu moja mkienda na shavu la pili mkirudi. Mwenza akiandika swali mgongoni, kwa mfano alama ya kuuliza tu, nahodha ajue kwamba ameulizwa kitu alichokinusa au kukihisi, na asimame amjibu kwa mikono miwili. Mapumziko mafupi ya mara kwa mara yana faida kuliko safari ndefu isiyokatika. Anayeongea kwa kugusa hachoki miguu tu. Umakini wa kuisoma kila ishara huchosha pia, na mtu aliyechoka husoma vibaya.

Likitokea la kutokea

Nahodha na mwenza wazungumze wazi kuhusu ajali kabla haijatokea. Mkianguka, mwenza asitembee kutoka pale alipo, bali anyooshe mkono kutafuta baiskeli au mwili wa nahodha na abaki hapo. Nahodha akiweza, amguse kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Viziwi wasioona wa Marekani na kwingineko huchora alama ya X kubwa mgongoni kumaanisha kwamba kuna dharura, nifuate sasa, maelezo baadaye. Inafaa muichukue, kwani haichanganyiki na lolote.

Lakini mpange pia kwa siku ambayo nahodha hataweza kumgusa. Watu watakusanyika, watamwinua mwenza, watamsemesha, na yeye hatajua ni akina nani. Awe na kadi ngumu shingoni au mfukoni, iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa herufi kubwa, isemayo kwamba yeye ni kiziwi asiyeona, kwamba aandikiwe kiganjani herufi moja moja, na namba ya simu ya ndugu wa kupigiwa. Anayejua kusema aseme jambo hilohilo kwa sauti. Nahodha awe na kadi yake inayoeleza kwamba mtu aliye naye asitenganishwe naye kama watapelekwa hospitali.

Mkirudi salama, kaeni dakika chache mpitie ishara zote: ipi haikusikika, ipi ilichelewa, ipi ilidhaniwa kuwa nyingine. Ibadilisheni hapohapo na muijaribu mkiwa mmekaa. Orodha yenu ikishatulia, iandikeni kwenye karatasi pamoja na upande wa kuweka mguu, mahali mwenza anaposhika usukani, na anachokiona na kukisikia. Karatasi hiyo ni ya nahodha wa pili, ambaye mnapaswa kuanza kumfundisha mapema, ili mwenza asikae nyumbani kila mara nahodha wa kwanza anapougua au kusafiri.